Kigari cha gofu kikiinuliwa, tairi lisizidi kazi yake

Kigari cha gofu cha umeme hutoka kiwandani kikiwa na tairi la kimo cha inchi 18, na udogo huo haukuja kwa ubahili. Mota, difu, breki, betri na kontrola vyote vimepigiwa hesabu kwa kujua kwamba gurudumu litakalokanyaga chini ni la ukubwa huo. Vigari vingi vya Marekani huundwa katika eneo la Augusta, jimbo la Georgia, yaliko makao ya kampuni ya E-Z-GO iliyoanza kazi mwaka 1954, na siku hizi vingi kati yake havikanyagi kiwanja cha gofu hata siku moja. Katika mji wa Peachtree City, humo humo Georgia, njia za vigari hivi zinapita urefu wa kilomita 160 kati ya nyumba, shule na maduka. Kule The Villages, Florida, wastaafu wanakwenda navyo sokoni na hospitali. Kigari kimekuwa gari la familia, na mwenye gari la familia hupenda liwe na sura yake. Analiinua inchi tatu, nne au sita kwa springi na vyuma vya ziada, kisha anatazama uwazi uliobaki juu ya gurudumu, na uwazi ule ndio unaomchagulia tairi. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Hoja yangu ni kwamba kigari kikishainuliwa, tairi linalofaa ni lile dogo kuliko yote yanayoweza kufanya kazi iliyokusudiwa. Wauzaji na wanunuzi wengi wanakwenda kinyume: wanaweka kubwa kuliko yote yanayoenea.

Sababu ya kwanza iko ndani ya difu. Kigari cha kawaida cha umeme hakina giaboksi ya kubadilisha mwendo. Mota inazunguka takriban mara 12 ndipo gurudumu la nyuma lizunguke mara moja, na uwiano huo umefungwa humo, dereva hana mkono wa kuugusa. Tairi ndilo gia ya mwisho. Lile la inchi 18 likizunguka mara moja linasogeza kigari kama sentimita 144. La inchi 22 linakisogeza kama sentimita 176, yaani asilimia 22 zaidi. Kwa mota ni sawasawa na kubadilishiwa difu, kutoka 12 kwa moja hadi chini kidogo ya 10 kwa moja. Aliyewahi kuanza kupanda kilima kwa baiskeli huku mnyororo uko kwenye gia nzito anaijua hali hiyo magotini mwake, ila mwenye baiskeli anaweza kuishusha gia. Kigari hakiwezi. Kitabaki na gia ile nzito kwenye tambarare, kwenye mchanga, kwenye mteremko na kwenye mwinuko, siku zote ambazo tairi lile litakuwa limefungwa.

Tuifuate nguvu hiyo hadi inakoishia. Ili kigari kipande mwinuko ule ule kikiwa na watu wale wale, mota yenye tairi la inchi 22 inatakiwa itoe nguvu ya kuzungusha iliyozidi kwa asilimia 22. Katika mota ambayo nguvu hiyo inakwenda sambamba na mkondo wa umeme, mkondo nao unazidi kwa asilimia 22. Lakini joto la waya halikui kwa kadiri ya mkondo, linakua kwa kipeo chake cha pili: 1.22 mara 1.22 ni karibu 1.49. Kwa hiyo joto linalozaliwa ndani ya koili linaongezeka karibu nusu nzima. Fanya hesabu hiyo kwa tairi la inchi 23 utapata ongezeko la asilimia 63. Fanya kwa la inchi 20 utapata asilimia 23 tu. Katika mota za zamani, ambazo mkondo mmoja unapita koili za nje na za ndani kwa mfululizo, ongezeko ni pungufu ya hapo, lakini halifutiki. Tazama jinsi inchi mbili za kwanza, kutoka 18 hadi 20, zilivyo na gharama inayobebeka, na jinsi inchi mbili zinazofuata zinavyopandisha joto kuliko zile zilizotangulia. Mtu anayeamua dukani kati ya tairi la 20 na la 22 kwa kutazama tu lipi limekaa vizuri anaamua, bila kujua, mota yake iishi katika joto gani.

Joto hilo halikai ndani ya mota peke yake. Mkondo ni mmoja, unapita kila waya na kila kiungo kuanzia betri ya kwanza hadi ya mwisho. Fungua kiti cha kigari kilichokwisha tumika miaka michache utaona pa kuanzia. Kichwa cha betri ni risasi, madini laini. Nati inayobana waya ikilegea kidogo tu, au ule unga mweupe wenye ukijani ukipenya kati ya risasi na kibano, mahali hapo panaanza kuukinza umeme, na ampea 200 au 300 za kupanda kilima zikipita hapo, panachemka. Plastiki ya mfuniko inajikunja kukizunguka kichwa, ganda la waya linakuwa gumu na kupasuka, na mwisho risasi yenyewe inalainika na kuinama upande. Kigari chenye tairi la kiwandani kinaweza kuishi miaka na kiungo kibovu cha namna hiyo pasipo mtu kujua. Kikishavishwa tairi la inchi 22 au 23 na kupakiwa watu wanne, ubovu ule hauna tena pa kujificha.

Betri za risasi na asidi zina tabia nyingine ambayo watu wa matairi huwasikii wakiitaja. Kadiri unavyozinyonya kwa kasi, ndivyo zinavyotoa kidogo kwa jumla. Chukua Trojan T-105, betri ya volti 6 inayojulikana sana katika vigari hivi. Ukiitoa umeme polepole kwa saa 20 inakupa ampea-saa 225. Ukiimaliza kwa saa tano inakupa 185. Ndani yake hakujabadilika kitu, ila mwendo wa kuinyonya. Kwa hiyo kigari kinachodai mkondo mkubwa katika kila mwinuko kinapunguza akiba yenyewe kinayoitegemea, na kinazishusha betri hadi kwenye kina kinachozifupishia maisha. Nakubali kwamba katika njia tambarare ukubwa wa tairi peke yake hauongezi kazi ya kulisukuma gari kwa kila kilomita. Kinachoongeza ni vile vinavyokuja na tairi hilo: uzito wake na wa rimu yake, kashata nene zinazojipinda kila zinapogusa lami, na mwendo ulioongezeka. Betri sita za aina hiyo zina uzito wa karibu kilo 170, na kuzinunua upya zote kwa mpigo ni gharama inayoweza kulizidi tairi lililoziua.

Mwendo nao unahitaji kuzungumzwa kwa uzito wake, kwa sababu wengi wanauona kuwa faida ya bure. Ni kweli, kwenye tambarare kigari kilichokuwa kikienda kilomita 24 kwa saa kinaweza kufika 29 kwa kubadilishiwa matairi tu. Katika vigari vinavyodhibitiwa kwa kihisio cha mwendo, kihisio chenyewe kinahesabu mizunguko ya mota. Hakijui tairi ni la ukubwa gani, kwa hiyo kinaamini kigari kiko katika mwendo ule ule wa zamani. Sasa tuje kwenye breki. Vigari vingi vina breki za drami kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Tairi likikua hadi inchi 22, nguvu ile ile ya mguu inazuia kwa asilimia 18 pungufu, maana breki inashika katikati na tairi linasukuma kutoka mbali zaidi. Wakati huo huo mwendo umezidi kwa asilimia 22, na nishati ya kuzimwa imezidi karibu nusu, kwa kuwa nayo inakwenda kwa kipeo cha pili. Ukigawa 1.49 kwa 0.82 unapata zaidi ya 1.8. Dereva aliyezoea kukanyaga kwa kiasi fulani na kusimama baada ya mita tano atasimama baada ya mita tisa kwa kukanyaga vile vile. Mita nne hizo ni upana wa njia ambamo watoto wanaendesha baiskeli.

Sheria za Marekani zinaonyesha kwamba mpaka huo wa mwendo haukuwekwa kwa bahati tu. Kiwango cha watengenezaji wa vigari vya gofu kinataka vikae chini ya maili 15 kwa saa, ndizo kilomita 24. Mwaka 1998 mamlaka ya usalama barabarani ya serikali kuu ilitengeneza daraja jipya la magari ya mwendo mdogo, yale yanayofika zaidi ya maili 20 lakini yasiyopita 25 kwa saa, na ikayadai taa, vioo, mikanda na kioo cha mbele. Maana yake ni kwamba mwendo ukipanda, wajibu wa usalama unapanda nao. Mtu anayebadilisha matairi ili apate mwendo anavuka kuelekea daraja la juu akiwa na vifaa vya daraja la chini. Florida kuanzia Oktoba 2023 imezuia kijana wa chini ya miaka 18 kuendesha kigari katika barabara za umma bila leseni au kibali cha mwanafunzi, na sioni ajabu.

Kuna pia hatari ya kupinduka. Tukisema uzito wa kigari pamoja na waliomo umekaa kwenye kimo cha sentimita 60 kutoka chini, kuinua inchi sita na kuongeza tairi la inchi 22 kunaweza kuupeleka karibu na sentimita 80. Ili kibaki na uthabiti uleule kwenye kona, upana kati ya magurudumu ungepaswa kuongezeka kwa theluthi moja. Rimu zinazotokeza nje zinasaidia sentimita chache, huku zikizitesa beringi za magurudumu ya mbele, lakini hazifiki theluthi. Na hiki ni chombo kisicho na milango na mara nyingi kisicho na mikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba kati ya 1990 na 2006 watu wapatao 148,000 walitibiwa katika vitengo vya dharura vya hospitali za Marekani kwa majeraha ya vigari vya gofu. Asilimia 38 hivi walianguka au kuruka kutoka kwenye kigari, na karibu theluthi moja walikuwa watoto wa chini ya miaka 16. Hizo ni takwimu za vigari vya kila namna, wala sidai kwamba tairi ndilo lililowaangusha. Ninachosema ni kwamba chombo ambacho watu wanaanguka kutoka ndani yake kikiwa chini na cha polepole hakihitaji kuongezewa kimo na mwendo kwa ajili ya sura.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuona mambo haya yako mbali. Vigari vyenyewe si vigeni huku, vinabeba wageni katika hoteli za pwani na wachezaji katika viwanja vya gofu. Lakini kinachonigusa zaidi ni kwamba hesabu hii haiulizi gari lilitoka wapi. Pikipiki za umeme ziko Kigali na Nairobi, bajaji za umeme zinaingia, na zitaanguka mikononi mwa mafundi waliolelewa katika utamaduni wa Land Cruiser, ambamo tairi kubwa ni dalili ya uwezo. Injini ya dizeli yenye gia tano inaweza kulisamehe tairi lililozidi: utashuka gia, utachoma mafuta zaidi, utaendelea na safari. Chombo cha betri chenye gia moja hakina msamaha huo. Fundi wa bajaji ya umeme atakayefunga tairi kubwa nyuma ili gari lipite madimbwi atakuwa ameuza umbali wa safari na uhai wa mota kwa pamoja, na mteja ataambiwa betri ni mbovu.

Kuna wanaopinga, na hoja yao yenye nguvu kuliko zote inatoka mashambani. Mwindaji au mkulima wa Georgia anayepita kwenye visiki na mifereji anasema kwamba kuinua springi kunainua bodi tu. Ekseli ya nyuma, pamoja na lile bonge la difu linaloning'inia katikati, inabaki palepale ilipokuwa. Ni tairi peke yake linaloweza kuliinua. Ana haki kabisa. Tairi likiongezeka inchi nne kwa kimo, difu linapanda inchi mbili, kama sentimita tano, na sentimita tano zinaweza kuwa tofauti kati ya kupita na kukwama juu ya kisiki. Zaidi ya hapo, gurudumu kubwa huvuka shimo na ardhi tepetepe kwa wepesi kuliko dogo. Kwa kazi hiyo tairi la inchi 22 lina sababu yake, na mtu huyo simpingi. Namtaka tu akubali bei yake yote: nyaya nene zaidi, kontrola yenye uwezo, mota inayofaa, na breki zilizoangaliwa upya. Lakini vigari vingi vilivyoinuliwa haviendi kwenye visiki. Vinazunguka kwenye lami ya mtaa, na kashata zake zinalika kwa lami hiyo.

Wa pili anasema anataka sura, na haoni kwa nini aombe radhi kwa hilo. Wala asiombe. Ila sura haihitaji kimo cha tairi. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa kila kitu. Likiandikwa 22x11-10, ni inchi 22 za kimo, 11 za upana, na rimu ya inchi 10. Likiandikwa 205/50-10, zidisha milimita 205 kwa nusu, zidisha jibu kwa mbili, kisha jumlisha rimu iliyogeuzwa kuwa milimita, utafika inchi 18 na kidogo. Lile la 215/35-12 lina rimu ya inchi 12 inayong'aa, na bado kimo chake kinakuwa kama inchi 18 tu. Kwa hiyo anayependa rimu kubwa anaweza kuipata na mota isijue kwamba kuna kilichobadilika. Akishainua kigari na kuogopa kwamba kitaonekana kama kimevaa viatu vya mtoto, tairi la inchi 20 linaziba sehemu kubwa ya pengo, na kuinua inchi tatu badala ya sita kunaziba iliyobaki. Pengo lenyewe limetengenezwa na seti kubwa ya kuinulia, na ni jambo la kusikitisha kwamba mtu anauziwa kwanza seti hiyo, kisha anauziwa tairi la kuficha ukubwa wake.

Wa tatu ndiye wa kisasa: anasema betri za lithiamu zimemaliza ubishi. Zimemaliza sehemu yake. Volti yake haishuki sana chini ya mzigo, akiba yake haiathiriwi na kasi ya kunyonywa kama ile ya betri za risasi, na uzito unaopungua ni mkubwa. Lakini mota ni ile ile, na koili zake hazijui umeme umetoka kwenye betri ya namna gani. Breki ni zile zile. Na betri ya lithiamu ina mlinzi wake wa elektroniki ambaye mkondo ukipita kikomo hukata umeme mara moja. Betri ya risasi ingekuonya kwa kuchoka taratibu. Hii inakuacha katikati ya mwinuko na watu nyuma. Lithiamu iliyochaguliwa kwa kikomo kikubwa cha mkondo ni jibu zuri kwa mtu ambaye tayari ana sababu ya tairi kubwa. Haiwezi kuwa sababu yenyewe.

Kwa hiyo mpangilio wa uamuzi ugeuzwe. Kwanza ujulikane mwinuko mkali kuliko yote ambao kigari kitapanda, na watu wangapi watakuwamo. Kisha umri wa betri na hali ya nyaya. Kisha mota na kontrola vina uwezo gani kwa mujibu wa kibandiko chake. Tairi ndilo la mwisho, na lianzie inchi 20, likipanda tu pale ardhi inapodai. Kabla ya kulipa, lijaribiwe kigari kikiwa kimebeba mzigo kamili na usukani umekatwa hadi mwisho kila upande, maana tairi lisilogusa bodi dukani linaweza kuisugua watu wakishapanda. Baada ya wiki ya kwanza, kigari kipandishwe kilima kile kigumu, kizimwe, na kila kiungo cha waya kipimwe joto. Kiungo kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, hapo pana kazi ya spana na brashi. Vyote vikiwa vya moto, tairi limezidi.

Na wauzaji wanadaiwa kitu kimoja ambacho hakiwagharimu chochote. Bei ya seti ya kuinulia pamoja na matairi ya inchi 22 au 23 isiandikwe peke yake. Iandikwe pamoja na bei ya nyaya, kontrola na marekebisho ya breki ambayo tairi hilo linayahitaji, katika risiti moja, kabla ya mteja kutoa pesa.